Pacha Niliowaona kwa Mashine ya Ng'ombe

Mimi ni daktari wa mifugo, na watu wakitaka kunitania husema wagonjwa wangu hawajawahi kunilalamikia. Waache waseme. Kazi yangu naijua. Kwa miaka kumi na tisa nimeuingiza mkono huu wa kulia ndani ya ng'ombe hadi begani. Nimetoa ndama waliotanguliza makalio, ndama waliojikunja shingo, ndama waliokufa siku mbili kabla, na sijawahi kutimua mbio zizini. Nayasema haya mapema ili nitakaposema niliogopa, msidhani mimi ni mtu wa kuogopa ovyo ovyo.

Siku yenyewe nilikuwa kwa mfugaji mmoja tunayemwita Bwana Ndoo, maana hajawahi kuonekana bila ndoo mkononi. Ng'ombe wake alikuwa anasukuma tangu alfajiri na hakuna kilichotoka. Nikavaa glavu ndefu, nikapaka mafuta, nikaingia. Nikashika mguu. Nikashika mwingine. Nikashika wa tatu, nikasema moyoni, ahaa, pacha hawa, tutaanza na huyu wa mbele. Nikashika wa tano. Nikaifuata miguu ile kwa vidole, mmoja mmoja, hadi inakotokea, na yote ikanipeleka kwenye kifua kimoja. Juu yake kulikuwa na shingo mbili, na vichwa viwili vimetazamana.

"Vipi, daktari?" Bwana Ndoo akaniuliza.

"Nyamaza kwanza," nikamwambia.

Hali hiyo naijua. Yai moja huanza kugawanyika ili watoke pacha wa kufanana, halafu kazi inakwama katikati na wawili wanabaki wameungana. Huwatokea binadamu, huwatokea wanyama. Nimeletewa kifaranga wa miguu minne, nimeletewa mwanakondoo wa nyuso mbili, na mara moja nyoka wa vichwa viwili ambaye kila kichwa kilikuwa na safari yake. Chuoni kwetu kulikuwa na mwanambuzi wa namna hiyo ndani ya chupa, rafuni, na sisi wanafunzi, kwa ujinga wetu, tulikuwa tunaivika ile chupa kofia. Lakini rafuni ni rafuni. Ndani ya ng'ombe aliye hai, kiumbe kama yule hapiti, na asipotoka mama anakufa. Ndama alikuwa ameshakufa. Nikachukua waya wa kukatia, nikamkata vipande vipande mle mle tumboni, kwa saa tatu nzima. Mama akapona. Bwana Ndoo akanishukuru sana, akavitazama vile vipande, kisha akaenda nyuma ya zizi, na safari ile ndoo yake ikamfaa.

Nikarudi nyumbani jua bado liko juu, nina njaa na nina hadithi. Mke wangu ni fundi cherehani, na mimi humwita Fundi, naye huniita Daktari, hasa akiwa amekasirika. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na moja. Mimba zilizotangulia zote zilitoka mapema. Hii ndiyo ya kwanza iliyofika mwezi wa sita, na ndani ya nyumba tulikuwa tunatembea taratibu kana kwamba sakafu ni ya mayai. Siku hiyo alikuwa ametoka kliniki. Alikuwa amepakua chakula, amekaa, mikono yote miwili juu ya meza.

"Nina jambo," akaniambia.

"Ngoja, langu kwanza," nikasema.

Laiti ningejing'ata ulimi! Nikamsimulia yote: miguu mitano, kifua kimoja, vichwa viwili. Kwa kijiko nikamwonyesha jinsi waya unavyozungushwa shingoni. Nikijipiga kifua, nikahitimisha, mdomo umejaa wali: "Vitu vya namna ile, Fundi, bora visizaliwe kabisa."

Akainuka, akaondoa sahani yake. Hakuwa ameigusa.

"Jambo lako je?" nikamwuliza.

"Hakuna. Kula."

Nami, mwenye akili zangu zote, nikala, tena nikaongeza.

Baada ya siku ile nyumba ikabadilika. Kadi ya kliniki, ambayo zamani ilikaa juu ya kabati kila mtu aione, ikaingia ndani ya kopo la vifungo, na kopo likafungiwa sandukuni. Nikiuliza wamesemaje, jibu ni moja: "Sawa." Na tumbo nalo likawa linakua kwa kasi ambayo hata mimi niliyezoea ng'ombe nilishangaa. Hakuweza tena kukaa kwenye cherehani, meza ilikuwa inamzuia. Hakuweza kulala chali wala ubavu, akawa anajiegemeza kwenye kochi na kusinzia mchana. Nikamtania, "Njoo nikupime kwa mashine yangu, bure kabisa, hata foleni hakuna."

"Ebo! Mashine inayoingia makalioni mwa ng'ombe ndiyo uniletee mimi?" akasema, na hakucheka.

Mashine yenyewe ni ile ya picha, ultrasaundi, ndogo ya kubeba begani, kioo chake sawa na daftari. Tunaitumia kujua ng'ombe kama ana mimba. Jumapili moja mchana ilikuwa mezani inachajiwa, na Fundi amelala kwenye kochi, mdomo wazi kidogo, gauni limembana. Nikamtazama. Nikaitazama mashine. Sijivunii hili, nalisema tu kama lilivyotokea. Nikapasha yale mafuta ya kupimia kiganjani, nikapandisha gauni taratibu, nikamwekea kile kipimo chake cha mkononi tumboni.

Kwanza nikaona kichwa. Kizuri, cha mviringo. Nikasogeza upana wa kidole kimoja tu, nikaona kingine. Pacha! Jamani, furaha iliyonipanda, kidogo nipige kelele. Nikasogeza tena. Vichwa vilikuwa vimetazamana. Nikashuka na uti wa mgongo wa huyu, nikashuka na wa yule, nikitafuta pale ambapo kila mmoja atakuwa na kifua chake. Kifua kilikuwa kimoja. Ndani yake kulikuwa na moyo unapiga, pu pu pu, nikautafuta mwenzake juu, chini, kulia, kushoto. Hakuna. Moyo mmoja, watoto wawili.

Nikafuta mafuta, nikashusha gauni, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Najua maana ya moyo mmoja. Hawatenganishwi hao, na kuishi ni siku chache, kama wakijaliwa hizo. Lakini haikuwa hiyo tu. Kila nikifumba macho nilikuwa naona mkono wangu mwenyewe umeshika ule waya, na aliyelala pale si ng'ombe wa Bwana Ndoo.

Siku tisa nilikaa kimya. Siku tisa! Mimi ambaye hata mbu akiniuma hutangaza. Nilikuwa naenda kazini, nasimama zizini, nasahau nilichofuata. Nilimdunga mbuzi mmoja sindano mara mbili na mwenye mbuzi akanikaripia. Begi langu la vifaa, ambalo miaka yote lilikaa chini ya kitanda, nikaliondoa na kulipandisha juu ya dari ya banda la uani, kwa sababu sikuweza kulala juu ya ule waya. Nilifikiri Fundi hajaona. Nikiwa nyumbani nilikuwa namchungulia tu. Nikipiga moyo konde nimwambie, najikuta naomba chai.

Siku ya kumi, asubuhi, namimina chai, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Utasema lini?"

"Kusema nini?"

"Ulichokiona."

Chai ikamwagika mezani. Hakuna aliyeifuta.

"Nilikuwa macho, Daktari," akasema. "Nilifumba makusudi, nikaacha upenyo kidogo nikuangalie usoni. Nilitaka nione utawatazama kama watoto, au utawatazama kama ulivyomtazama yule ndama."

"Ukaona nini?"

"Niliona mtu anayetafuta kisu. Halafu begi likahama kutoka chini ya kitanda, na mimi sijui limeenda kunolewa wapi."

Nikataka kuapa, nikataka kumweleza habari za dari ya banda, maneno yakagongana mdomoni. Yeye akaendelea. Akanieleza kwamba siku ile ya ndama ndiyo siku aliyoambiwa kliniki kuwa ni pacha na kuwa wameungana. Alikuja nyumbani mbio mbio aje aniambie mimi, kwa sababu mimi ni daktari, nitajua la kufanya. Akasema, "Nina jambo." Na mimi nikasema langu kwanza.

"Ukasema bora visizaliwe. Vitu. Basi nikaogopa. Sikuwaogopa wao, nilikuogopa wewe. Nilisema huyu akijua ataenda hospitali, watakaa daktari kwa daktari, watapatana, na mimi nitakuwa yule ng'ombe. Nimekwenda hospitali kubwa mara mbili peke yangu, nikakwambia nakwenda kununua vitambaa."

Nililia. Nililia vibaya, kwa kwikwi, kamasi hadi kwenye ndevu. Nikamwambia begi liko wapi na kwa nini. Nikamwambia mimi ni mpumbavu mwenye cheti. Hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Aliningoja nimalize, kisha akasema:

"Sikiliza. Kuanzia leo hakuna kufichana. Nikikuuliza unanijibu kilichopo. Hata kama kinaniua, nijibu kilichopo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Uliona nini?"

Lo! Hata dakika haijapita nimeshaanza kulipa. Nikatamani ardhi inimeze.

"Moyo ni mmoja, Fundi."

Akaweka kiganja juu ya tumbo na kukaa hivyo. Kule hospitali walikuwa wamemwambia hawajaona vizuri, arudi wapime tena. Alikuwa ameishi na hilo "hawajaona vizuri" wiki zote zile, ndilo lililomlisha na kumlaza. Nami nimemnyang'anya.

"Twende," akasema mwishowe. "Miadi ni leo."

Daktari bingwa alikuwa mama mfupi mwenye miwani, kiti chake kimeinuliwa hadi miguu inaning'inia. Fundi alipojilaza kitandani, mimi sikungoja niulizwe. Nikasema kwa sauti, nikijifanya mtu wa fani: "Moyo ni mmoja, dada yangu. Nimepima mwenyewe."

Akageuka. "Umepima kwa kifaa gani?"

"Mashine ya picha."

"Ya hospitali gani?"

"Ya... ya mifugo."

"Mifugo gani?"

"Ng'ombe," nikasema. "Na mbuzi pia."

Nesi aliyekuwa mlangoni akashikwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaanza kupima. Alipima kwa muda mrefu mno. Alimgeuza Fundi huku, akamgeuza kule. Mwishowe akageuza kioo upande wetu.

"Huu hapa mmoja," akasema. "Na huu, nyuma yake kabisa, wa pili. Mfuko unaoizunguka ni mmoja, mioyo ni miwili. Baba, mashine yako inaona sawa na mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Uliona wa mbele tu."

Fundi akanishika mkono, akaniminya kwa nguvu hadi vidole vikalia. Sikujua kama ni furaha au ananiadhibu kwa zile saa mbili nilizomwaminisha kuwa moyo ni mmoja. Nadhani yote mawili.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. Wasichana wawili, akasema, wameungana kifuani, na ini pia limeshikana. Wanaweza kutenganishwa baadaye, wakishakua kidogo. Kazi ni kufika hapo. Mmoja ni mkubwa, mwenzake ni mdogo na dhaifu. Watatolewa kwa upasuaji baada ya wiki tatu. Kila mmoja lazima avute pumzi kwa nguvu zake mwenyewe, maana damu yao inapitiana.

"Akishindwa mmoja?" Fundi akauliza.

Daktari alimtazama yeye, hakunitazama mimi. "Akiondoka mmoja, mwenzake hafiki kesho, mama. Sitakudanganya. Tunawahitaji wote wawili."

"Na mkikwama?" nikauliza.

"Hatutawavuta, baba. Tunafungua tumbo, tunawatoa wote pamoja. Hakuna mtoto anayekatwa hapa."

Kumbe alikuwa ameshanisoma. Fundi akasema hataingia chumba cha upasuaji bila mimi, na daktari akakubali kwa sharti moja: niingie kama mume, nisiingie kama daktari, mikono nyuma muda wote.

Wiki tatu zile sitazieleza, kwa sababu sikuziishi, nilizihesabu tu. Siku yenyewe walinivika joho la kijani lililonifika magotini, kofia, na kitambaa cha mdomo. Nimeingia kwenye vyumba vya kuzalia mara elfu, lakini vyangu vina kinyesi na nzi, na mwenye kuogopa huwa ni mwenye ng'ombe. Mle ndani kulikuwa kweupe, baridi, na watu kumi na wawili. Fundi alikuwa amelala macho wazi, amekufa ganzi kutoka kiunoni kushuka, na pazia limemzibia kuanzia kifuani asione chini. Mimi nilikuwa kichwani kwake, nimesimama, naona kila kitu. Ningetoa chochote nisione. Manesi wawili walikuwa wamesimama mezani, kila mmoja amepewa mtoto wake: huyu wa kushoto, huyu wa kulia.

Nikasikia mkasi. Nikasikia maji. Halafu daktari akasema, "Haya, pamoja," na watu watatu wakainua.

Walitoka wamekumbatiana. Kichwa cha huyu begani kwa yule, mikono minne, miguu minne, kifua kimoja. Nywele tele. Nilikuwa nimejiandaa kuona kile nilichokiona kwa Bwana Ndoo, haki ya Mungu nilikuwa nimejiandaa, na sikukiona. Niliona watoto wangu, wachafu, wamekunja nyuso. Wa kushoto akalia papo hapo, kwa hasira, kama mama yake. Wa kulia alikuwa na rangi ya majivu, na kichwa kimelegea.

"Wangapi wanalia?" Fundi akauliza.

Nilikuwa na neno tamu limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Mmoja."

"Yupi?"

"Mkubwa."

"Na mwenzake?"

"Bado. Wanamsugua mgongo."

Nesi wa kulia alikuwa anasugua kwa taulo, anasugua, anamwekea kifuniko cha hewa puani, anasugua. Mimi ndama nikimpata hivyo namtekenya pua kwa jani kavu, namwagia maji ya baridi sikioni, namnyanyua miguu juu, nampiga kofi. Nilikuwa nimeshika kiwiko changu mwenyewe nyuma ya mgongo, kucha zimezama kwenye nyama. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mwekundu wa sekunde na ulikuwa unazunguka bila haya.

"Wangapi?"

"Bado mmoja, Fundi."

Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni. Akageuza uso kwenye lile pazia, na akaanza kufoka. "Wewe mdogo! Unanisikia? Usiniletee uvivu hapa! Mwenzako anakufanyia kazi yako na wewe umelala! Lia! Nasema lia!" Daktari wa usingizi akamwambia atulie. Akamjibu kwamba hajaongea na yeye.

Mshale ukazunguka tena. Na hapo nikasikia kitu nilichokuwa nakiogopa tangu siku ile daktari alipokitaja: sauti ya mkubwa ikaanza kupungua. Ile hasira ikawa malalamiko, malalamiko yakawa pumzi ya kukatika. Midomo yake nayo ikabadilika rangi. Kisha akanyamaza. Nesi wa kushoto akainama juu yake haraka, vichwa vya manesi vikagusana.

"Wangapi?" Fundi akauliza.

Niliutazama ule mshale mwekundu.

"Daktari. Wangapi?"

Nilimwinamia, kinywa changu kikawa karibu na sikio lake lenye maji ya machozi, na nikamjibu kilichopo.

"Hakuna."

Hakupiga kelele. Alifumba macho tu, na midomo yake ikawa inaendelea kusema bila sauti, lia, lia, lia. Nikainua kichwa. Nesi wa kulia alikuwa ameacha taulo, anatumia vidole viwili, anampigapiga mdogo nyayo. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mguu mmoja ukajivuta. Kifua kile kimoja kikatikisika kutoka upande ambao haukuwa umetikisika kabisa tangu watoke, na mdogo akakohoa, akatema maji, akatoa sauti nyembamba, mbaya, ya kukwaruza. Mkubwa akashtuka. Akavuta hewa ndefu na kumjibu kwa mayowe.

Nikamwinamia tena.

"Wawili, Fundi. Wawili."

"Nasikia," akasema, macho bado yamefumba. "Kwani mimi kiziwi?"